Uko Macho?

Kiswahili chote alichokijua yule Mhispania kilikuwa salamu moja, nayo alifundishwa na mama yangu kwenye simu. Asubuhi za kazi alipenda kupiga nyumbani kwetu, mtaa wa Koekelberg, kuhakikisha nimeamka, na mama ndiye aliyepokea. "Uliza: uko macho?" mama alimwambia. Alipoelezwa maana yake alicheka sana. Kumbe, alisema, kwenu mtu akiamka anakuwa macho mwili mzima!

Alikuwa mpiga picha mkuu wa filamu, aliyekuja Brussels kwa kazi ya muda mfupi akabaki hadi akaota mvi. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilipima umbali kutoka kamera hadi usoni mwa mwigizaji, kisha nikazungusha lenzi ili sura itoke safi.

Siku moja, tukipiga picha kwenye kituo cha treni cha Gare du Midi, alianza kunifokea. "Ukungu! Uso umejaa ukungu!" Nikapima upya, tukarudia. Ukungu tena, alisema. Kwenye skrini mimi nilikuwa naona hata kope za yule mwigizaji. Watu wa taa wakaanza kunitazama kwa huruma, na hasira zangu huwa hazina breki. Nilimwambia mbele ya wote atafute msaidizi mwingine.

Jioni alikuja kwetu kuomba radhi. Mama hajui kumfukuza mtu, akamwekea fufu na sombe, kisamvu cha kwetu. Mkono wa mgeni ulitua kando ya sahani, juu ya kitambaa cha meza. Mama aliona, akanigeukia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, akiamini mgeni hataelewa.

"Mutoto, macho ya uyu papa iko na shida, non?"

Lakini neno "macho" mgeni alilijua. Akaacha kula. Akatuambia kwa Kifaransa kwamba katikati ya kila anachokitazama pameingia doa: nywele za mtu anaziona, masikio anayaona, sura haioni. Hakuwa amemwambia yeyote. Akaniomba ninyamaze hadi filamu iishe. Mimi nimwambie ninachoona, yeye apange taa kwa kukumbuka. Nilimpenda yule mzee, na nilitaka kukubali. Nikasema hapana. Tungeharibu sura za watu, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye. Mama alininunia wiki nzima.

Kesho yake yeye mwenyewe alimweleza mwongozaji wa filamu, kisha akarudi Uhispania kuishi na dada yake. Nilikaa nikijiuliza kama ananichukia.

Ilipita miaka kabla sijapewa filamu ya kupiga picha mimi mwenyewe. Asubuhi ya siku ya kwanza simu ililia.

"Uko macho?"

"Niko macho," nikasema, na kwa mazoea ya nyumbani ulimi ukaniponyoka. "Na weye, uko macho?"

Nilitamani kujipiga kofi.

"Niko," akasema. "Haya, niambie taa umeziweka wapi."