Viatu vya Baba Kwenye Ngazi ya Benki

Baba yangu alikuwa mlinzi wa benki ya zamani hapa Tunduma, ile yenye kuta nene na mlango wa chuma. Enzi hizo wakulima wa kahawa walikuja kutoka Mbozi na tope la shambani, na Baba aliwavulisha viatu wote pale ngazini. Hata diwani alivua! Alipostaafu akazawadiwa viatu vyeusi vya ngozi. Hakuvivaa ovyo. Alituambia wanawe wote, "Mtanizika na hivi."

Benki ikahamia jengo jipya. Lile la zamani likawa ofisi ya mawakala wa forodha, kisha kanisa, kisha mimi nikaacha kufuatilia. Kila nikienda kijijini Itaka anakoishi sasa, Baba ananiuliza, "Benki yangu haijambo?" Namjibu haijambo. Mwongo mkubwa mimi.

Mwaka huu akang'ang'ania aione. Akavipiga rangi viatu vyake, akavivaa, tukaja. Mlangoni, kabla sijasema neno, akainama, akavivua, akavipanga ngazini kama alivyowazoesha wateja. Tukaingia.

Weee! Mitumba! Viatu ukumbi mzima, mpaka ndani ya chumba cha chuma walichohifadhia fedha, vimening'inia kwa kamba. Baba akashika ukuta.

"Jamani, wameifanyaje?" akauliza.

Tulipotoka, mama mmoja muuzaji alikuwa ametandaza mzigo wake ngazini. Vya Baba sivioni.

"Vile vyeusi? Vimeenda, dada! Mzambia kavichukua sasa hivi, kavuka navyo mpaka, kaenda Nakonde." Kisha akaiona miguu ya Baba, akajiziba mdomo. "Mungu wangu! Nilidhani vimedondoka kutoka kwenye belo langu la mitumba."

Nilipiga kelele mpaka bodaboda wakajaa. Nikakimbia hadi mpakani, nikipenya kati ya malori, nikitazama miguu ya watu kama mwehu. Wapi! Nikarudi nalia.

Baba alikuwa amekaa ngazini, peku. Yule mama alimletea jozi tano, zote kazikataa. Alikuwa anajipangusa vumbi nyayoni kwa kiganja, taratibu, mguu mmoja kisha wa pili.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Mtanizika hivihivi. Nimewaingiza watu peku miaka yote, na mimi nitaingizwa peku."