Makaa ya Shangazi na Makaa ya Baba

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea dawa ya meno nyeusi tititi. Ati ina makaa, ati meno yatang'aa. Nilikamua kidogo nikaisugua kwenye ukucha wa dole gumba. Ikakwaruza. Nikamwambia airudishe dukani, naye akaniona mshamba. Sawa, ni mshamba, lakini ngoja nikueleze makaa yalinifanya nini.

Miaka ya hamsini tuliishi Nakuru, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa mhunzi wa karakana. Nilikuwa nimechumbiwa na karani mmoja wa kule Bahati, kijana mpole, nami nilimpenda mpaka nikaona haya. Wiki moja kabla ya harusi tulipangiwa kupigwa picha studio mjini, picha yangu ya kwanza maishani. Nilitaka meno meupe. Sikutaka kingine.

Shangazi yangu wa kule Kabazi akatuma neno: "Mwambieni bibi harusi asugue meno na makaa." Kwake yeye makaa ni ya mti, na yanasagwa mpaka yawe laini kama unga. Kwetu, mama alipikia makaa ya mawe, mabaki ambayo baba alipewa karakana. Nikasema makaa ni makaa. Nikaponda kipande, nikajisugua na kitambaa cha gunia siku tatu, asubuhi na jioni. Mimi sijui kufanya kitu nusu nusu.

Siku ya nne fizi zilivimba zikatoa damu, na chai iliniuma mpaka machozi. Shangazi alipofika akanifunua mdomo kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe binti wewe, umejipiga msasa."

Akacheka mpaka leso ikamdondoka. Mimi nililia. Niliogopa kwamba mchumba akiuona mdomo ule, atabadili nia.

Studio nilifika nimefumba mdomo kabisa. Mpiga picha akasema, "Cheka kidogo, mama." Nikatikisa kichwa. Lakini hata mchumba wangu alikuwa kimya tangu tuonane, na yeye, kwa upole wake wote, ni mtu wa maneno. Nikamnong'oneza, mkono mdomoni, "Umeghairi?"

Akafungua mdomo kunijibu. Kati ya jino na jino palikuwa na mstari mweusi. Kumbe shangazi alimtumia neno na yeye. Makaa yake yalikuwa ya mti, laini vizuri, lakini alijipaka asubuhi ile ile na yakagoma kutoka. "Nimesukutua ndoo nzima," akasema, karibu alie.

Nilicheka nikasahau fizi, naye akacheka, na mpiga picha akabonyeza hapo hapo.

Picha iko ukutani. Mume wangu alishatangulia. Fizi zilipona, lakini meno niliyoyakwangua hayakurudi yalivyokuwa. Nikinywa maji baridi yananikata, kisha namwona na ile mistari yake, nacheka peke yangu jikoni.