Mtumbwi wa Frednand

Siku mbili kabla ya kuondoa matanga ya Frednand, dada yake Benedicta alitoka misa ya asubuhi akakuta wanaume wanang'oa magurudumu ya gari la marehemu. Akawaonea kinyaa.

Bodi ya gari hilo ilikuwa mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, umegeuzwa kifudifudi. Frednand alikuwa fundi baiskeli hapo Kirushya. Miaka ile ya wakimbizi malori ya misaada yalipita kutwa nzima, mapana kama nyumba, yakinywa dizeli bila kushiba, naye akisema yanapigana na upepo bure. Alitaka gari la umeme ambalo mama muuza ndizi angelimudu, lifike Biharamulo bila kuchajiwa njiani. Betri na mota alizitoa kwenye lori lililopinduka. Juu ya mtumbwi alifunga nyuzi za mgomba. Zilipopepea ovyo gari likienda, alijua hapo ndipo upepo unapokwama, akachonga tena, hadi nyuzi zikalala, mbao zikawa nyembamba na mkia ukachongoka. Lilikwenda Mbuba na kurudi, na betri ikabaki na nguvu. Watu wakasema fundi anapanda pombe badala ya kuinywa.

Kabla homa haijamchukua, alimwomba dada yake jambo moja tu: gari lisibomolewe.

"Shikamoo, baba mdogo. Liacheni hilo," Benedicta alimwambia Alfonce, ambaye hakuna aliyemcheka fundi kumzidi.

"Marahaba. Sasa mwanangu, tumlilie kwa chai?"

Wenzake wakacheka. Wakaupindua mtumbwi, wakamwaga ndani ndizi mbivu na majani, wakaingia kukanyaga, huku wakimsifu marehemu kwamba kichwa chake kilikuwa cha peke yake. Lakini mbao zilizochongwa kwa ajili ya upepo hazikuviweza visigino vyao. Mtumbwi ukapasuka, maji ya ndizi yakatapakaa uani. Wazee wazima wakapiga magoti kuyakinga kwa viganja, pamoja na mchanga na mavi ya kuku. Kwenye rozari ya marehemu hakupiga magoti hata mmoja.

Benedicta alimwomba Mungu amwondolee chuki. Kinyaa hakukiombea.

Akaokota kipande cha mkia, nyuzi zikiwa bado zimefungwa. Alfonce, kidevu kikimchuruzika, akasema hicho kingefaa kuni.

"Na hiki mtakinywa, baba mdogo?"

Akakiinua kuelekea upepo uliopanda kutoka bondeni. Nyuzi zikalala zote, kimya. Akakiingiza ndani, akafunga mlango, akawaachia tope lao.