Rangi Juu ya Mbao Iliyooza

Juma lililopita, kwenye kivuko cha Lualaba, nilimkuta mfanyabiashara wa dhahabu wa Salamabila na boti ya mbao aliyotoka kuinunua, iliyokwisha kuchoka mikononi mwa mwingine. Fundi alisukuma msumari kwenye ubao wa chini kwa kidole gumba tu, na msumari ukazama wote.

“Patron, hii mbao imeoza. Tuitoe, tuweke ingine.”

“Weye paka rangi,” tajiri akajibu bila hata kuinama. “Hakuna mutu anaangaliaka chini.”

Rangi ikapakwa, bluu ya kung'aa, na ubavuni yakaandikwa maneno makubwa: MUNGU ANATOSHA.

Jana abiria, nami nikiwa mmoja wao, tukaitwa tupande. Tajiri alisimama mbele kabisa, kifuani amefunga jile ya kuelea majini, moja tu iliyokuwemo ndani ya boti nzima.

Mama mmoja muuza mchele akaitazama ile jile, akatua gunia lake.

“Patron, kama boti iko muzima, hiyo jile ni ya baridi?”

Akaenda zake kupanda mtumbwi wa kasia, nami nikamfuata. Kwetu sisi abiria, Mungu alitosha. Mwenye boti aliona aongeze na jile.