Kifyatulio cha Mkwe

Fundi wa bunduki wa mtaa ule alijiita Kidole, jina la majivuno ambalo baadaye lilimwia zito. Kwenye harusi ya bintiye aliombwa aseme maneno mawili. Akasema mengi, likiwemo hili, kwamba akilegeza kifyatulio, bunduki husikia hata pumzi.

Mkwewe, askari wa wanyamapori, hakusahau. Asubuhi moja akaja na bunduki yake ya doria. Alilalamika kwamba kifyatulio ni kizito, akikivuta mkono unayumba, wenzake wanamcheka. Kidole alijua fika kwamba bunduki ya doria huachwa na kifyatulio kizito makusudi, isijifyatue. Lakini nani ameze maneno yake mbele ya mkwe?

Kwenye usalama hakuwa na mzaha. Risasi alizipeleka chumba cha pili, akachungulia chemba ya risasi, akapapasa kwa kidole, kisha akamlazimisha mkwe naye apapase. Mke wa Kidole husema mzee huyu hata birika hulichungulia kabla ya kumimina chai.

Akafungua mtambo, akapara chuma kidogo kwa tupa. Akakijaribu kifyatulio, kitamu. Akapara tena, na hapo zilikuwa sifa tu zinazopara. Akarudishia, akakivuta kwa ncha ya kidole, akamtazama mkwe kwa jicho la bingwa.

Likabaki jaribio la mwisho, kukaza mtambo tayari kufyatua, bila risasi, na kugonga kitako juu ya kipande cha tairi sakafuni. Akagonga. Ta! Kifyatulio kilijiachia chenyewe.

Binti alikuwa mlangoni na chai. Amekulia humo, mlio ule anaujua. Aliweka sinia chini, akamtazama mumewe. Bingwa akanywea kama kuku aliyenyeshewa. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa.

Maji yakimwagika hayazoleki, na chuma kilichoparwa hakioti. Kidole akatoa kipande kipya cha kifyatulio, akakifunga bila kukigusa kwa tupa, akagonga kitako mpaka jirani akauliza wanatwanga nini. Hakikujiachia. Mkwe akakivuta, akakunja uso.

“Baba, mbona ni kizito kama nilivyokileta?”

“Ndiyo. Nimehangaika kukirudisha kilivyokuwa, na sijafanya kazi nzuri kuliko hii.” Akafuta mikono. “Ukikosa shabaha watakucheka wewe, mwanangu. Kikijiachia chenyewe, huyu mkeo nitamtazama kwa macho gani?”

Binti akainua birika. Kidole akalichungulia kwanza, na safari hii hakuna aliyemcheka.