Kitambaa cha Nohea

Kila sikukuu ya Mfalme Kamehameha, hapa Kohala, Hawaii, ni binamu yangu Mapuana anayewafunga sketi wanawake wetu wapanda farasi. Mwanamke husimama juu ya kiti, na Mapuana humzungushia jora zima la kitambaa mpaka miguu haionekani. Hakuna pini wala uzi. Kokwa za mti wa kukui husokotwa ndani ya kitambaa na kuchomekwa kiunoni, na mtu akipanda farasi, sketi inamwagika pande zote mbili. Ukikosea kuchomeka, imekwisha.

Watoto wake wote wamehamia Las Vegas, na sishangai, maana nyumba za huku sasa wananunua wageni. Amebaki Nohea, binti wa kaka yake. Mwaka huu Mapuana aliniambia, "Nohea akishapanda, kesho yake namfundisha kufunga. Nikifa na hii kazi, nitalaaniwa na bibi zangu wote."

Shida ni mkono wake wa kulia. Tangu apate kiharusi, vidole havina hisia. Kamati ya sikukuu walimwomba apumzike, akawafukuza uani kwake.

Asubuhi ile nilishika hatamu, na Nohea akasimama kitini amevaa nyekundu, rangi ya kisiwa chetu.

"Shangazi, kaza basi!"

"Nikaze wapi, na tumbo lote hilo? Jana ulikula nguruwe mzima?"

"Farasi hajalalamika."

"Hajakubeba bado, mwanangu."

Tukacheka. Mapuana alikuwa anachomeka kokwa huku ameuma midomo. Nikamwambia, "Dada, hebu nikague mimi." Akaniambia, "We shika farasi." Basi nikashika farasi.

Kwenye gwaride, wapanda farasi walifika mbele ya sanamu ya mfalme, mashada ya maua yananing'inia mpaka miguuni pake, watu wamejaa barabara nzima. Nohea aliinua mkono kusalimia. Kokwa moja ikadondoka, halafu ya pili, na kitambaa kikaanza kuteleza chini. Farasi akakikanyaga. Nohea akabaki na suruali ya jinzi mbele ya umati, sketi yote iko kwenye vumbi na kinyesi cha farasi.

Hakuna aliyecheka. Walianza kupiga makofi, eti kumtia moyo. Mungu wangu, makofi yale! Afadhali wangezomea.

Baadaye Nohea alikuja kumkumbatia shangazi yake. Ni mtoto mzuri, hana ubaya hata kidogo.

"Usijali, shangazi. Nimeshaongea na kamati. Mwakani tunashona, tunatia mpira kiunoni. Mtu anavaa tu kama sketi ya kawaida. Hutahangaika tena."

Mapuana alimtazama. Nilijua anachotaka kusema, maana alikuwa amengoja mwaka mzima kukisema.

"Na wewe hutaki kujifunza?" akauliza taratibu.

"Ya nini tena, shangazi, kama kuna mpira?"

"Haya, mwanangu," akasema. "Ni kweli."

Nikampeleka nyumbani. Alikaa kwenye gari mlangoni kwake, hataki kushuka, nami nikazima injini.