Mkono wa Kinyozi

Timu yake ikishambulia, kinyozi huzima mashine na kuinua mkono juu, maana anajijua: mkono utatetemeka na kichwa cha mtu kitaharibika. Lakini wakicheza wale wa kijani, mahasimu wake, mashine hainyamazi. Ananyoa huku anawasema, mara refa kawabeba, mara bahati tu. Kila msimu wanabeba kombe, naye bado anawaita wababaishaji. Leo kwenye kiti kakaa shemeji yake, kijani wa kufa na kupona, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kwenye runinga iliyo juu ya kioo, kijani wanagonga pasi, wanagonga tena, mpira unateleza kama umepakwa mafuta, mabeki wa watu wanazunguka kama waliopoteza funguo. Shuti. Kipa anaupangua mpira, unatoka nje. Ndipo shemeji anagundua kuwa kinyozi kimya, mkono uko juu.

"Shemeji, mbona umezima?"

"Mashine imepata moto."

Shemeji anaigusa. Haina moto wowote. Anaanza kucheka.

"Hebu nyamaza," kinyozi anasema, macho hayabanduki kwenye runinga. "Wanapiga kona."